Mbegu Katika Mkono wa Mtoto

Jumapili ya 11 ya Mwaka B
Masomo: Eze 17:22-24, 2 Kor 5:6-10, Mk 4:26-34



Injili ya leo inatupeleka shambani. Bwana wetu anatueleza habari za mtu aliyetupa mbegu ardhini, kisha akaenda zake kulala na kuamka, usiku na mchana, wakati mbegu inachipua na kurefuka bila yeye kujua imekuwaje. Kwanza jani, kisha suke, kisha punje zilizokomaa. Halafu anatueleza habari za punje ya haradali, iliyo ndogo kuliko mbegu nyingine, lakini ikikua hutoa matawi ambayo ndege wa angani hutua katika kivuli chake. Naye nabii Ezekieli, katika somo la kwanza, anatuonyesha Mungu mwenyewe akifanya kazi ya bustani: anachuma chipukizi changa kutoka kilele cha mwerezi, na kukipanda juu ya mlima mrefu.

Mara nyingi tunaihubiri Injili hii kwa watu wazima. Leo twapenda kuitafakari tukiwa na watoto mbele ya macho yetu, hasa watoto wadogo, wa miaka mitatu hadi kumi na miwili. Jumapili hii huangukia karibu na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1991 ili kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Ni siku njema ya kujiuliza swali moja: Je, mtoto wetu atajifunzia wapi kwamba mbegu hukua taratibu, na kwamba anayeikuza ni Mungu?

Tunawauliza hasa ninyi mnaotusikiliza hapa Kalangalala na katika mitaa mingine ya mji wa Geita, na ninyi wa Kahama, Shinyanga na vijiji vyote vya machimbo. Nchi yetu hii ni nchi ya jembe tangu mababu. Mgeni akitaka kuwajua Wasukuma, huonyeshwa ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hucheza na majembe mikononi. Lakini nchi yetu ni nchi ya dhahabu pia. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa leo ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Watu wamekuja kutoka kila upande, nyumba zimesongamana, na palipokuwa na tuta la matembele nyuma ya jiko leo pana chumba cha kupangisha.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba dhahabu ni dhambi. Aliyeiumba ardhi aliiumba pamoja na vilivyomo ndani yake, na familia nyingi za waamini wetu hula na kusomesha kwa jasho la machimbo. Lakini hatuna budi kuona mafundisho ambayo mtoto huyapata akikulia kando ya duara na karasha. Hujifunza kwamba mali hupatikana leo au haipatikani kabisa. Kwamba mwenye bahati ndiye mwenye haki. Kwamba ardhi ni kitu cha kupasuliwa, kutolewa kilichomo, na kuachwa shimo. Mtoto huyu akisikia Injili ya mtu anayelala na kuamka akingojea suke, atamwona mtu huyo kuwa mpumbavu.

Tena kuna jambo zito zaidi ya mafundisho. Mwezi Agosti mwaka 2013, shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kutembelea machimbo 11 ya wachimbaji wadogo katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Taarifa ile ilieleza habari za watoto, wengine wenye umri wa miaka minane tu, waliokuwa wakishuka mashimoni, wakibeba na kuponda mawe, na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo na yule aliye bado tumboni mwa mama yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza asiyetimiza miaka 14 kuajiriwa hata katika kazi nyepesi, na kazi za hatari, machimbo yakiwemo, yawakataza wote walio chini ya miaka 18. Sheria ipo. Lakini sheria peke yake haimpi mtoto kitu cha kufanya saa kumi jioni, atokapo shuleni na kuwakuta wenzake wakielekea kuokota magwangala.

Hapa mzazi mmoja aweza kutuuliza: “Baba, mwasema mtoto asifanye kazi machimboni, halafu mwataka alime. Je, si kazi ileile?” Swali hili ni la haki. Iko kazi inayomlea mtoto, na iko kazi inayomla mtoto. Tofauti yake twaweza kuitambua kwa alama tatu.

Alama ya kwanza ni muda. Kazi inayomlea mtoto humwachia muda wa shule, wa mchezo na wa usingizi. Kazi inayomla huvila vyote hivyo. Alama ya pili ni nguvu. Kazi inayomlea hulingana na mikono yake. Kazi inayomla humtwisha ndoo ya lita ishirini na kumshikisha jembe la baba yake. Alama ya tatu ni matunda na mapendo. Katika kazi inayomlea, mtoto huwa kando ya mtu anayempenda, naye huyaona matunda na kuyala. Katika kazi inayomla, matunda huenda kwa mwingine, na mtoto hubaki na kikohozi.

Kwa alama hizi tutaona kwamba hata shamba laweza kumla mtoto. Mtoto anayekosa masomo majuma mawili ili achume pamba, au anayenyunyiza dawa ya wadudu bila kinga yoyote, huyo analiwa na shamba kama mwenzake anavyoliwa na duara. Kwa hiyo hatusemi habari za kumgeuza mtoto kibarua wa nyumbani. Tunasema habari za kumpa tuta lake dogo.

Tuirudie Biblia Takatifu. Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anamweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Angalieni vema mpangilio wa habari: jambo hili linatokea kabla ya dhambi. Miiba na jasho la uso vilikuja baadaye. Bustani ilitangulia, nayo ilikuwa zawadi. Kulima si laana. Ni wito wa kwanza aliopewa binadamu.

Lakini sisi tumewafundisha watoto wetu vingine. Mtoto akichelewa shuleni, anapewa jembe. Akipiga kelele, anapelekwa kulima. Akivunja sahani nyumbani, anaambiwa akapalilie mpaka jua lizame. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka mkono na akili vifanye kazi pamoja, na shamba la shule liwe darasa la kweli. Palipofanyika hivyo, watoto walijifunza. Lakini mahali ambapo mkubwa alisimama kivulini na fimbo, na mtoto akalima juani peke yake, mtoto alijifunza jambo moja tu: kwamba jembe ni la mkosaji. Je, tushangae basi akikua na kulikimbia? Twawaomba wazazi na walimu wote: msiifanye bustani kuwa kifungo. Adhabu, kama inastahili, itafutiwe njia nyingine.

Wapendwa, tupate mfano kwa jirani zetu wa Kenya. Mama Wangari Maathai, Mkristo Mkatoliki aliyelelewa katika shule za masista, alianzisha mwaka 1977 harakati ya kupanda miti iitwayo Green Belt, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, anasimulia kwamba alipokuwa mtoto huko Nyeri, mama yake alimpa kibustani chake mwenyewe ndani ya shamba la familia. Mtoto yule alizistaajabia mbegu hata akawa anazifukua aone kama zimeanza kuota. Mama hakumpiga. Alimweleza kwa upole kwamba aziache, zitajitokeza zenyewe.

Mama yule alikuwa akimfundisha mwanawe Injili ya leo. Mbegu yakua, wala hatujui imekuwaje. Anayeifukua kila siku aione, anaiua. Mtakatifu Paulo, katika somo la pili, anatuambia kwamba twaenenda kwa imani wala si kwa kuona. Mtoto anayefukia punje ya haragwe leo na kungoja kama juma moja ili aone udongo ukipasuka, ameanza kuenenda kwa imani. Siku ile atakapofundishwa habari za kaburi la Bwana na siku ya tatu, hatakuwa mgeni.

Tena sisi wa ukanda huu tunao ushuhuda wetu wenyewe. Wazee wanakumbuka jinsi nchi ya Shinyanga ilivyokuwa imechakaa. Miti ilikatwa ili kumwondoa mbung'o, kisha ili kupanua mashamba ya pamba na malisho, hata vumbi likatawala. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, na watu wakarudia desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya ardhi ipumzike, mifugo isiingie mpaka wakati wake. Mahali pengi haikuhitajika hata kupanda. Chini ya udongo ule uliodhaniwa kufa, visiki na mizizi vilikuwa hai. Vilipoachwa vipumue, vikachipua. Ngitili zilizohesabiwa kwa mamia ya hekta mwanzoni mwa mpango zilifikia zaidi ya hekta 300,000 katika miaka ya mwanzo ya 2000. Jani, kisha suke, kisha punje zilizokomaa. Nchi iliponywa kwa uvumilivu, na uvumilivu hufundishwa mapema. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Basi tufanye nini? Tuseme kwa vitendo, maana hotuba isiyofika jikoni haijafika mbali.

Mwenye kiwanja na ampimie mtoto tuta lake, hatua mbili kwa hatua moja, lisilozidi nguvu zake. Asiye na kiwanja, kama walivyo wapangaji wengi wa Kalangalala, achukue gunia au kiroba, ajaze udongo mwema uliochanganywa na samadi iliyooza, atoboe matundu ubavuni na kupanda mchicha juu na pembeni. Ndoo iliyopasuka yafaa. Karai bovu lafaa. Maji ya kuoshea mboga na mchele yatosha kulinywesha gunia moja wakati huu wa kiangazi.

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano apewe mbegu kubwa anayoweza kuishika kwa vidole vyake: haragwe, kunde, boga. Apewe na kopo dogo la kumwagilia jioni. Mtoto wa miaka sita hadi tisa aweza kupalilia kwa mkono, kukusanya mbolea ya kuku, na kuchuma majani. Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili aweza kuotesha miche kitaluni, kupima nafasi kati ya mche na mche, na kuandika katika daftari siku aliyopanda na mafungu aliyochuma. Aanze na kinachoiva upesi. Mchicha huota kwa siku chache na kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, wakati moyo wa mtoto bado una hamu. Baadaye apande mgagani, mnafu na matembele. Na mwisho mpapai, ili ajifunze kungoja kwa muda mrefu zaidi. Bibi aitwe naye, awafundishe kuanika majani ya kunde yawe nsansa, na viazi viwe michembe, kwa maana elimu hii ikienda kaburini haitarudi.

Yako na mambo ya kujihadhari. Udongo wa marudio, na udongo wa mahali palipochomwa zebaki au kuoshewa dhahabu, usitiwe kamwe katika bustani ya mboga, hata kama uko karibu na ni wa bure. Dawa za wadudu mtoto asizishike, wala kopo lililokuwa na dawa lisifanywe chombo chake cha kumwagilia. Jembe liwe dogo, lenye mpini wa kimo chake. Mikono inawe kwa sabuni kazi ikiisha.

Mzazi mwingine atasema: “Mtoto ataharibu. Atakanyaga miche.” Ni kweli, atakanyaga. Atamwagilia maji mengi mno, atang'oa mchicha akidhani ni gugu. Hiyo ndiyo gharama ya kumlea mtu. Mungu naye ametukabidhi bustani yake, na tumekanyaga mengi. Hajatufukuzia mbali na uso wake. Mwingine atasema: “Sina muda.” Dakika kumi na tano za jioni, kabla ya sala ya familia, zatosha. Nanyi akina baba mnaokaa machimboni majuma mengi, mrudipo nyumbani msilete fedha tu. Muulizeni mtoto awaonyeshe tuta lake. Mtoto anayeonyesha alichokiotesha, na baba akainama kukitazama, amepokea urithi usiopimwa kwa mizani ya sonara.

Nayo faida ya mwili msiidharau. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa nchini wana udumavu. Si wote waliokosa ugali. Wengi wamekosa mboga, matunda, maharage na mayai kando ya ugali. Na ajabu ni hii: mtoto anayekataa mchicha wa sokoni huula ule aliouotesha mwenyewe, tena huwagawia wengine akijisifu.

Hapo kwenye kugawa ndipo bustani inapokuwa katekesi. Sheria ya Musa iliwaamuru Waisraeli wasivune mpaka kwenye pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate chao. Mfundisheni mtoto kwamba fungu moja la mboga zake ni la jirani mgonjwa, au la bibi anayeishi peke yake katika jumuiya yenu. Na fungu la kwanza kabisa alilete kanisani Jumapili, wakati wa kutoa vipaji. Twawaomba wenzetu mapadre na makatekista walipokee kwa heshima, wala wasilicheke. Mbele ya Mungu, fungu lile la mchicha si dogo kuliko noti ya mwenye mashimo.

Nanyi makatekista, msiogope kuwatoa watoto nje ya darasa. Kila kigango kiwe na tuta moja la watoto wa Utoto Mtakatifu. Mkifundisha uumbaji, waonyesheni mbegu. Mkifundisha Ubatizo, mwagilieni. Mkifundisha Ekaristi, waelezeni safari ya punje ya ngano mpaka mkate wa altare. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote, na kwamba malezi ya kuitunza huanzia katika familia, kwa matendo madogo ya kila siku. Huwezi kuagiza tendo dogo zaidi ya kopo moja la maji mkononi mwa mtoto.

Wapendwa, hatuwaahidi kwamba kila mtoto aliyepewa tuta hatakwenda machimboni. Mpanzi hulala na kuamka, wala hajui. Wapo watakaokwenda watakapokuwa watu wazima, na wengine watakuwa wachimbaji wema. Lakini mtu aliyewahi kuona uhai ukitoka ardhini kwa mkono wake, hataitazama ardhi kama shimo tu, wala hatamtazama mtoto wa mwenzake kama nguvu ya kubebea mawe. Mbegu ile itakuwa imo ndani yake. Chini ya vumbi lolote, mizizi itakuwa hai, ikingoja ipumzishwe, ichipue.

Juma hili, basi, kila familia itafute mbegu moja na mtoto mmoja. Mfukieni mbegu pamoja, mfanye ishara ya Msalaba juu ya udongo, na mwende kulala. Mengine tumwachie Yeye asiyesinzia.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemweka mtu wa kwanza bustanini, uwatazame watoto wa nchi yetu. Uwaepushe na mashimo yanayomeza na sumu isiyoonekana. Uwape wazazi wenye subira, udongo mwema na mvua kwa wakati wake. Imani uliyoipanda ndani yao uikuze, hata ndege wa angani wapate kivuli katika matawi yao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.